Kidole cha Kuongeza

Mimi si mgonjwa mzuri. Nalisema mapema kabla mume wangu hajapata nafasi, maana yeye hulisema kwa raha iliyopita kiasi. Wapo watu wakiugua hulala chali, hufumba macho na kushukuru wakiletewa uji. Mimi nikiugua nagombana hata na shuka.

Moyo wangu ulianza vituko Jumanne moja asubuhi, nimeinama juu ya meza ya kukatia, chaki mkononi. Nilisikia kifuani kitu kama cherehani inayoruka mshono: inashona tatu, inaruka mbili, inakimbia, inakwama. Nikaupa muda ujirekebishe, wala haukujali. Nikamalizia kuchora suruali niliyokuwa nachora, kwa kuwa mwenyewe alikuwa anaijia kesho yake, kisha nikakaa sakafuni, jambo ambalo sijawahi kulifanya kazini tangu nishike sindano. Mume wangu, ambaye mtaa mzima unamwita Mkasi kwa sababu ndiye mkataji wetu, aliniona pale chini akadhani natafuta kifungo. Akapiga magoti akaanza kunisaidia kukitafuta.

Duka letu ni la watu watatu. Mimi napima na kuchora, Mkasi anakata, na Wifi, dada yake Mkasi, anashona. Hao wawili ndio walionibeba hadi hospitali siku ile, mmoja kila bega, wakibishana njia nzima nani anishike wapi.

Daktari wa moyo alikuwa binti mdogo kiasi kwamba nilitaka kumuuliza mama yake yuko wapi. Lakini alijua kazi yake, hilo sina budi kulikiri. Alinieleza kwamba vyumba vya juu vya moyo wangu vimeacha kupiga, sasa vinatetemeka tu. Damu inazubaa humo, na ikizubaa inaweza kuganda, na bonge likichomoka likapanda kichwani hicho ndicho kiharusi. Akanipa dawa ya kupunguza mbio za moyo na nyingine ya kuzuia damu isigande. Kila wiki ningetolewa tone la damu kidoleni wasome namba. Namba ikikaa kati ya mbili na tatu, majuma matatu mfululizo, wangenilaza usingizi wa dakika chache na kuustua moyo kwa umeme ili ukumbuke kazi yake.

"Na kwa sasa?" nikamuuliza.

"Kwa sasa pumzika, mama. Usikanyage cherehani, usibebe vitu vizito, usipande ngazi."

"Ngazi ngapi?"

"Hata kumi zikikupa kizunguzungu, ziache."

Mkasi akanitazama, maana naye alijua hesabu ya ngazi zangu. Mama yangu anakaa ghorofa ya nne katika jengo lisilo na lifti. Ngazi ni sabini na mbili. Nimezihesabu miaka mingi, kila Jumapili saa kumi jioni, nikipanda na mkoba wa vitu vyake. Mama ana miaka themanini na minne na magoti yake yaligoma kushuka miaka miwili iliyopita. Tulimwomba ahamie kwetu, akasema ameshazoea kuona mbali. Basi yeye hawezi kushuka, na sasa mimi nimekatazwa kupanda.

Mkasi alitoa wazo nibebwe kwa kiti, yeye na vijana wawili wa duka la vyuma. Nikamwambia siingii kwa mama yangu kama kabati. Nikipanda nitapanda kwa miguu yangu.

Tukaanza maisha ya ajabu. Kila Jumapili saa kumi nilisimama upande wa pili wa barabara, chini ya ukuta wa duka la rangi, shingo juu. Mama alitoka kwenye roshani yake na simu sikioni. Tukaongea hivyo, tunaonana bila kuonana, yeye ni kilemba na mkono unaopunga, mimi ni uso ulioinuliwa. Wapita njia walifikiri nazungumza na mbingu. Nilirudi nyumbani na shingo inayouma na hasira zisizo na mwenyewe. Niseme wazi kilichokuwa kinaniuma: niliogopa kwamba mmoja wetu angeondoka kabla sijamgusa tena. Kila wiki alionekana mdogo zaidi kule juu, na sikuweza kujua kama ni umbali au ni yeye.

Kuhusu Mama lazima nieleze jambo moja, maana ndilo lililoleta balaa. Yeye ndiye aliyetufundisha kushona sote watatu, na mafundi wote wa umri wetu humwita Bibi Kidole. Fundisho lake la kwanza ni kwamba kitambaa kikifuliwa kinasinyaa. Basi ukishapima mtu, ongeza kidole kimoja juu ya kipimo. Usimwulize mteja wala usibishane naye, wewe ongeza tu. Fundisho la pili ni kwamba anayeongeza ni mmoja. Akishaongeza anaweka msalaba wa chaki ukingoni mwa kitambaa, ili anayefuata ajue kazi hiyo imekwisha. Hapo zamani, kabla ya msalaba, kila fundi alikuwa anaongeza kidole chake kimyakimya, na kuna bwana mmoja aliletewa koti ambalo angeweza kulivaa na mkewe kwa pamoja.

Sasa tuje kwenye chakula. Daktari aliona kwenye vipimo kwamba madini yangu yako chini, hasa magnesiamu na potasiamu. Dawa ya presha niliyoinywa miaka mingi ilikuwa inayatoa kwa njia ya choo kidogo, na moyo uliopungukiwa madini hayo huwa mwepesi wa kuchachamaa. Nikapelekwa kwa bwana wa lishe. Huyu ni mtu mpole mwenye upara, anaongea taratibu kama anayechambua mchele. Mimi na watu wa taratibu hatupatani. Aliniandikia maharage, ndizi, mbegu za maboga kiganja kimoja, kidonge kimoja cha magnesiamu jioni, chumvi kidogo. Kisha akafika kwenye mboga za majani.

"Mboga za majani, mama, ni nzuri, lakini zinashindana na dawa yako ya damu. Hazikatazwi. Ila ziwe nusu kikombe, zikiwa zimeshapikwa, kila siku kiasi kilekile. Leo kisizidi, kesho kisipungue. Kwa sababu dawa imepimwa..."

Kufikia hapo nilikuwa nimeshasimama natafuta mkoba wangu. Nikasikia nusu kikombe, nikasikia kila siku, yaliyobaki nikamwachia yeye na upara wake. Nyumbani waliponiuliza kasemaje, nikajibu, "Kasema nile mboga za majani kila siku. Nusu kikombe." Nikampigia Mama, nikamwambia hivyohivyo.

Mama analima spinachi kwenye makopo ya rangi roshani nzima, kiasi kwamba hata yeye mwenyewe hupita upande. Aliposikia kwamba dawa ya mwanawe ipo kwenye makopo yake, alifufuka. Kila asubuhi alifunga kikapu kwenye kamba na kukiteremsha ghorofa nne hadi kando ya barabara, ambapo Wifi alikipokea akiwa njiani kuja kazini. Wifi akaosha na kukatakata. Mkasi, aliyejitwalia jiko tangu niugue, akapika na kunipakulia. Nikala. Nisiseme uongo, nilikula kwa imani. Kila kijiko nilikiona ni ngazi moja ya kwenda juu.

Wiki ya kwanza namba yangu ilikuwa mbili nukta tatu. Daktari akatabasamu. Wiki ya pili moja nukta tisa, akasema tutaona. Wiki ya tatu moja nukta sita. Wiki ya nne moja nukta nne, na yule binti akavua miwani.

"Mama, unakunywa dawa?"

"Nakunywa saa ile ile, mbele ya shahidi," nikasema, na Mkasi akaapa kwamba ni kweli.

"Basi damu yako inakataa. Kwa namba hii siwezi kukustua. Ni hatari, bonge linaweza kuwa limeshakaa humo. Itabidi tuongeze dawa, tuanze kuhesabu majuma upya, na nafasi yako nimpe mwingine."

Sikumbuki nilisema nini. Nakumbuka kwamba nilitoka nje kwenye korido nikasimama mbele ya ukuta, na kwa mara ya kwanza tangu maradhi yale yaanze, sikuwa na hasira hata kidogo. Nilikuwa na huzuni tupu. Niliona ile roshani na mkono unapunga, na nikajiona nikizeeka upande wa pili wa barabara.

Aliyeniokoa ni yule bwana wa lishe, na kwa hilo nimemsamehe upara na taratibu zake zote. Alikuwa anapita na mafaili, akaniona, akaingia kwa daktari, akatoka. "Daktari ameshika kalamu akuongezee dawa," akasema. "Nimemwomba anipe siku moja. Kesho njoo na chakula chako cha mchana, hivyohivyo unavyokila. Usikipambe."

Kesho yake nikampelekea hotipoti yangu. Alipofungua kifuniko, mboga zilipumua. Ndiyo neno pekee ninaloweza kulipata: zilikuwa zimeshindiliwa, zikapata hewa, zikainuka. Akachukua uma akachimba upande mmoja, kisha upande wa pili.

"Maharage yako wapi?"

"Yako chini."

Akatoa kikombe kwenye droo. Akajaza nusu, akaimwaga kwenye sahani. "Hii ndiyo niliyokuandikia." Akajaza tena, akamwaga. Akajaza tena. Hakuongeza mwendo hata kidogo, alichambua mchele wake mpaka mwisho, na mimi nilikaa pale nikitazama kichuguu cha kijani kikikua mezani. Zilifika vikombe vitatu na nusu.

"Na jioni?" akauliza.

"Jioni zinakuwa nyingi zaidi kidogo."

Akaniambia, bila kunicheka, kwamba mboga hizo zina kitu kinachoisaidia damu kuganda, na dawa yangu kazi yake ni kuizuia isigande. Mimi nilikuwa nameza kidonge kimoja cha kuzuia na ndoo mbili za kuruhusu. "Tunarudi nusu kikombe," akasema, "daktari hataongeza dawa, na damu tutaipima kila baada ya siku tatu. Sasa nenda kaulize nyumbani nani anapima."

Jioni hiyo kabla ya kufunga duka nilimkalisha Mkasi na Wifi kwenye benchi la wateja, mimi nikasimama na utepe wa kupimia shingoni kama hakimu. Nikauliza nani anazidisha mboga.

Walitazamana. Wifi akaanza, maana huyu dhamiri humuuma haraka. "Mimi sikuzidisha, wifi yangu. Niliona tu kile kikapu cha Mama, nikajua mboga ikiingia kwenye sufuria inasinyaa. Nikawa nanunua fungu moja naongeza."

"Kila siku?"

"Jumapili mawili. Ni siku ya mapumziko."

Nikamgeukia mume wangu. Mkasi alikuwa anaangalia viatu vyake kwa upendo mkubwa. "Zinasinyaa kweli," akasema. "Ukiweka mlima sufuriani unatoa kilima. Nikawa naongeza kiasi cha mkono wangu."

"Mkono wako ninaujua. Ni sepetu."

"Na kwenye sahani kijiko kimoja cha juu, kwa ajili ya kusinyaa kwa mezani."

"Na kidonge cha magnesiamu?"

Akakikung'uta kiatu kimoja vumbi. Kisha: "Viwili."

"Kidonge nacho kinasinyaa?"

"Kikishafika tumboni hatujui," akasema mume wangu, kwa unyenyekevu kabisa.

Hapo ndipo nilipopata jibu la swali jingine, kwa nini majuma yale yote nilikuwa nakimbilia chooni na kuyalaumu maharage. Maskini maharage. Wifi naye alifungua pochi yake, akatoa chupa ya vidonge vya mafuta ya samaki, vikubwa kama kokwa za tende, akaiweka benchini taratibu. "Hivi nilikuwa nianze kukuwekea kesho," akasema. "Jirani kasema vinasaidia moyo." Nilimuonyesha daktari baadaye, naye akaifungia kabatini kwake. Alisema vidonge hivyo vikiwa vingi vimeonekana kuwachafulia baadhi ya watu mapigo yao, na kwamba kuanzia siku hiyo chochote chenye kifuniko kitapita kwake kwanza.

"Haya," nikasema, "nimewasikia. Watu wazima wawili, mafundi, mnaongeza juu ya kilichoongezwa. Hamna hata aibu."

Wifi akainua macho. "Na wewe je?"

"Mimi nini?"

"Kaka akitoka jikoni huwa naisikia sufuria ikifunguliwa."

Nilifikiria kukana. Nilikuwa nimesimama, nina utepe shingoni, nina haki. Lakini Mkasi alikuwa ameshaanza kutabasamu upande mmoja wa mdomo, na nikikamatwa nikidanganya siwezi tena kuishi na huyo mtu kwa amani. "Upawa mmoja," nikasema. "Niliona alichopakua kimesinyaa."

Tulicheka mpaka Wifi akashuka benchini. Tulicheka mpaka mteja aliyekuja kuchukua sketi akarudi nje akasubiri. Moyo wangu uliruka mishono yote inayowezekana, nami nikauambia uruke tu, leo una sababu. Kisha nikachukua chaki nikaenda nayo nyumbani, nikachora msalaba mkubwa kwenye mfuniko wa sufuria. Kuanzia hapo mpimaji ni mimi peke yangu, kwa kikombe, na mtu asiguse.

Kazi ikabaki moja, na hakuna aliyeitaka. Jumapili nikasimama kwenye ukuta wa duka la rangi, nikapiga simu.

"Mama, huwa unaniteremshia majani kiasi gani?"

"Ya nusu kikombe," akasema kule juu. "Na kidole."

"Kidole kimoja?"

"Mboga inasinyaa kuliko kitambaa, mwanangu. Nilianza na kimoja. Nilipoona hupandi, nikaongeza. Wiki iliyofuata bado hupandi, nikaongeza tena."

Nikamweleza. Nilijitahidi kusema taratibu, kama bwana wa lishe. Nilipomaliza nikaona kilemba kimeinama juu ya ukingo.

"Kwa hiyo ni mimi niliyekuzuia kupanda," akasema Mama.

"Hapana, Mama. Tulikuwa wanne. Tena wa nne ni mimi mwenyewe, niliyekatiza maneno ya watu kabla hayajaisha."

Akaondoka pale kwenye roshani, simu akaiacha wazi. Nilisikia makopo yakisogezwa. Nikasimama barabarani na roho mkononi, nikijua kwamba nimemvunja bibi wa miaka themanini na minne ambaye furaha yake yote ya asubuhi ilikuwa kile kikapu. Kisha akatokea tena, na kikapu kikaanza kushuka. Kilishuka polepole kuliko siku zote. Nikavuka barabara nikakipokea; ndani mlikuwa na majani ya spinachi yaliyopangwa safusafu.

"Hesabu," akasema kwenye simu.

"Kumi na mawili."

"Nenda kayapike uyapime. Yakizidi nusu kikombe nitapunguza, yakipungua nitaongeza. Kuanzia kesho ni majani hayohayo kila siku, siongezi kitu. Kidole changu nimekirudisha."

Yalitoka nusu kikombe kamili. Mpaka leo sijui alijuaje. Jicho la fundi, nadhani.

Siku tatu baadaye namba ilikuwa moja nukta nane. Kisha mbili nukta moja. Mbili nukta nne. Majuma matatu yakapita, majani kumi na mawili kila asubuhi, ndizi yangu, maharage yangu yakiwa juu mahali pa heshima, mbegu za maboga mfukoni badala ya peremende, kidonge kimoja na si viwili. Madini yalipopimwa yalikuwa yamepanda hadi yanapotakiwa. Tumbo likatulia, nikaomba msamaha kwa maharage. Mkasi akawa anapika akiwa ameweka mikono nyuma ya mgongo kila anaposubiri maji yachemke, asije akashawishika.

Siku ya kustuliwa walinilaza saa tatu asubuhi. Nilimwona binti daktari akinipa ishara ya kichwa, nikataka kumwambia awe makini, usingizi ukaniwahi. Nilipofumbua macho kitu cha kwanza nilichokisikia ni utulivu. Kule kifuani kulikokuwa na ghasia ya miezi miwili, hakukuwa na ghasia. Daktari akaniletea karatasi ya mapigo, mistari midogo imepandana kwa nafasi sawa, mmoja, mmoja, mmoja. Nimetazama mishono maisha yangu yote. Najua mshono ulionyooka nikiuona.

"Nisikudanganye," akasema, "unaweza kurudi tena. Wengine hurudi. Utaendelea na dawa zako, na chakula chako, na madini tutayapima."

"Ukirudi tutaushona tena," nikamwambia. Nje kwenye korido Mkasi alikuwa analia huku amemshika mkono yule bwana wa lishe, ambaye alikuwa anamfariji taratibu.

Ngazi niliruhusiwa baada ya siku kumi. Daktari alitaka nipumzike kila ghorofa, na nisibishane. Jumapili saa kumi niliingia mlango wa lile jengo kwa mara ya kwanza tangu niugue. Nilimpigia Mama simu, nikamwambia, "Napanda." Akajibu, "Haya," simu ikakatika. Nikaona amekuwa baridi kidogo, lakini nikasema labda ameenda kuchemsha maji.

Mkasi alinifuata nyuma akiwa amebeba kigoda cha dukani. Ghorofa ya kwanza nikakaa, nikashika mkono wangu nikasikiliza: mmoja, mmoja, mmoja. Nikapanda. Miguu ilikuwa imesahau ngazi, lakini moyo ulikwenda. Ghorofa ya pili nikakaa tena. Nilikuwa nimeanza kutabasamu peke yangu kama mwehu. Mkasi akasema nipunguze haraka, nikamwambia anyamaze, nahesabu. Thelathini na sita. Nilikuwa nusu ya njia.

Hapo nikasikia kitu kikiburutwa juu yetu. Kinaburutwa, kinatua, kinanyamaza. Kinaburutwa tena. Mkasi akasema kuna mtu anahama.

Nilipofika karibu na kibaraza cha ghorofa ya tatu, niliona kandambili mbili. Zilikuwa zimewekwa pamoja kwenye ngazi, bila miguu ndani. Kisha ukaja mkono ukazichukua, ukaziweka ngazi moja chini zaidi, na nyuma yake akashuka Mama, amekaa kitako, gauni lake limekusanywa magotini, kilemba kimekaa upande. Alikuwa ameshuka hivyo ngazi kumi na saba, moja baada ya nyingine. Ilibaki moja afike kibarazani.

"Mama, unafanya nini?"

"Nimeona unachelewa," akasema.

Nilimaliza zile zilizobaki. Sikuzihesabu. Nilikaa kwenye ngazi pale chini yake, nikaweka kichwa mapajani mwake, nikalia, wala sioni haya kusema kwamba nililia kwa sauti hadi mlango wa jirani ukafunguka. Mama alipitisha kiganja mgongoni kwangu, akakileta mbele, akakituliza juu ya moyo. Akasikiliza kwa muda mrefu, midomo ikisogea. Alikuwa anahesabu.

"Umekonda," akasema hatimaye. "Hawa watu wanakulisha kweli?"

Nyuma yangu Mkasi aliweka kigoda chini, akatazama ngazi za kwenda juu na zile za kwenda chini, akatutazama sisi wawili, mmoja mwenye magoti yaliyogoma na mwingine aliyetoka kufufuliwa juzi. "Sasa," akauliza, "tunapanda au tunashuka?"

"Kaa kwanza, baba," Mama akamwambia. Mkono wake haukutoka kifuani kwangu. "Mimi nilikuwa nakuja hapa tu."